Mama Mkwe Ndani ya Pazia

Neno lililonizeesha kabla ya wakati wangu ni "yego". Maana yake ni ndiyo, na katika miaka ile ya mwanzo wa tisini, nilipokuwa nikiwafundisha akina mama wa uzazi wa kwanza kule Kimisagara, nadhani nililisikia kuliko jina langu mwenyewe. Nikisema maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa, walijibu yego. Nikisema mtoto mchanga hana haja na maji ya sukari, yego. Nikisema asilambishwe uji wa mtama hata kama aliyeuleta ni bibi yake mzaa baba, aliyetembea nao kutoka kilima cha mbali, yego, tena kwa sauti moja kama wanaitikia litania kanisani. Kisha walirudi nyumbani wakakamua, wakakoroga sukari na kutafuta kijiko.

Mimi si mzaliwa wa Kigali. Nilikulia Bujumbura, nikasomea uuguzi hukohuko, nikaolewa na fundi wa magari aliyekuwa na karakana yake bondeni Kimisagara. Zahanati moja ya masista ilinipa kazi, na kila Jumatano asubuhi ikanipa pia baraza ya nyuma, mabenchi, mizani ya kuning'iniza na darasa. Wanafunzi wangu walikuwa wake wa madereva, wa mafundi, wa wachuuzi: Wanyarwanda wengi, Warundi kiasi, Wazaire wachache. Tulielewana kwa kile Kiswahili cha mjini kinachosema "iko" kwa kila jambo, na kilipokwama niliingiza Kirundi changu, nao wakaziba midomo kwa vitenge wasionekane wanacheka. Waliniita Masera, kama mtawa, ingawa nilikuwa na mume na pete kidoleni. Niliwaambia mimi si sista. Walijibu, "Yego, Masera."

Nitoe mfano mmoja tu ili nisidhaniwe kuwa natia chumvi. Siku moja nilikwenda darasani na biberoni, ile chupa ya kunyonyeshea, kuukuu, niliyoitoa kwa mtoto aliyekuwa akiharisha mpaka basi. Niliinyanyua juu wote waione. Nikawaonyesha maziwa yaliyoganda kwenye mikunjo ya chuchu ya mpira, nikawaambia huu ndio uchafu unaoua watoto, nikawapitishia mmoja mmoja wainuse. Walinusa, wakakunja nyuso, yego, yego. Jumatano iliyofuata akina mama kadhaa walikuja na biberoni mpya ndani ya vikapu vyao. Mmoja alinitolea yake kwa fahari. "Masera, hii nimeipata sokoni," alisema. "Iko kama yako." Kwao kitu alichokishika muuguzi mbele ya watu ni kitu cha kununua, na maneno yanayofuata ni heshima tu za kukisindikiza. Nilikaa na hasira mpaka jioni, mume wangu akaniuliza nani amekufa.

Katika darasa hilo kulikuwa na binti mmoja, hajafika miaka ishirini, mke wa dereva wa lori. Kiswahili chake kilikuwa kile alichofundishwa na mumewe. Alianza kuja akiwa mjamzito, akakaa pembeni mwa benchi la mwisho, na hakukosa hata siku moja. Sikumbuki kama aliwahi kuuliza swali. Wanafunzi wa namna hiyo walinitia wasiwasi kuliko wale wabishi, maana mbishi angalau unajua amesikia. Alijifungua palepale kwetu, mtoto wa kike, wa uzito mzuri tu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilimweka mwenyewe kifuani kwa mama yake, na kabla sijanawa mikono alikuwa ameshika titi na kuvuta kama mwenye shamba lake. Nilifurahi, nikasema huyu mmoja hatanisumbua.

Baada ya mwezi hivi, mama yake alipomrudisha zahanati Jumatatu moja, nilimtundika mtoto yuleyule kwenye mizani nikadhani mizani imeharibika. Nilimshusha nikamtundika tena. Hakuwa na homa, hakuwa akiharisha, lakini alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa, na uso wake umeanza kuwa wa kizee, wenye mikunjo kwenye paji. Nilimuuliza mama yake anamnyonyesha vipi.

"Iko nanyonya vizuri, Masera," alijibu akitazama chini. "Mara mingi."

Nilimwambia amnyonyeshe pale mbele yangu. Aligeukia ukutani, akajifunika kitenge mpaka kichwani, na mtoto akaanza kunywa. Nilisogeza sikio. Nilimsikia akimeza, gubu, gubu, bila kupumzika, na titi la pili likaanza kudondosha lenyewe. Maziwa yalikuwepo, tena ya kutosha, na mtoto alijua kazi yake. Kwa hiyo ama binti alikuwa akinidanganya kuhusu hizo mara nyingi, ama kulikuwa na jambo nyumbani ambalo sikulijua. Nilimkazania aseme. Akasema yego, ambalo halikuwa hata jibu la swali nililouliza.

Nikamuuliza yuko na nani nyumbani. Ndipo nikasikia kwamba mama mkwe wake amekuja. Mumewe alikuwa safarini. Tangu barabara ya kaskazini ifungwe na vita, malori yalizungukia Tanzania, na mtu aliyeaga leo hukujua utamwona lini. Kwa hiyo bibi alishuka kutoka kwake Ndera, upande wa mashamba, aje kukaa na mkaza mwana. Katika nyumba yao mama wa uzazi wa kwanza haachwi peke yake na mtoto mpaka baba wa mtoto arudi. Na bibi huyo, binti aliniambia kwa sauti ndogo, ameshaona kwamba mtoto hakui. Amesema maziwa ya mama yake ni mepesi, hayana kitu. Kwake kuna ng'ombe aliyezaa karibuni. Jumapili hii shemeji atakuja na gari baada ya misa, mtoto apelekwe Ndera akalelewe kwa maziwa ya ng'ombe, na binti abaki mjini amngojee mumewe.

"Na wewe umesema nini?" nilimuuliza.

Sikuwa na haja ya kuambiwa. Alikuwa amesema yego.

Nieleze kwa nini niliogopa. Watoto wachanga wa maziwa ya ng'ombe niliwajua. Waliletwa kwetu mgongoni, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Maziwa yalisafiri kibuyuni, yakaongezwa maji ya bondeni, yakakaa kwenye joto mpaka mtoto aamke. Wengine tuliwaokoa. Wengine walirudi kwao wamefunikwa uso, na bibi aliyewalea alikuwa ndiye anayelia kuliko wote, kwa sababu alikuwa amempa mtoto kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Huwezi kumchukia mtu kama huyo, na hilo lilizidi kunikera, kwa sababu nilitaka sana kupata wa kumchukia.

Siku hiyohiyo jioni nilikwenda nyumbani kwao. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, nyuma ya duka la fundi seremala: kitanda, kabati, meza ndogo, na kando ya kitanda mkeka. Juu ya mkeka alikaa bibi, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, miguu ameinyoosha mbele kwa adabu. Alinipokea kama mtu aliyekuwa akiningoja mwaka mzima. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za mume wangu, za Bujumbura, za mama yangu ambaye hakuwahi kumwona. Alizungumza Kinyarwanda tu, nami nikamjibu kwa Kirundi, hakucheka hata kidogo. Alinimiminia uji wa mtama kwenye kikombe, akaonja kwanza mwenyewe kama ilivyo desturi, ndipo akanipa.

Nilikaa pale muda mrefu. Mtoto aliamka, akaanza kutafuta kwa mdomo, akageuza kichwa huku na huku. Binti alimtazama, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Hakufanya lolote. Mtoto akalia. Bibi akanyoosha mikono, akamchukua, akamweka begani, akampigapiga mgongo na kumwimbia, na alipoona hatulii akachovya kidole kwenye kikombe cha maziwa ya ng'ombe akamlambisha. "Unaona, Masera," aliniambia kwa huzuni ya kweli. "Mama yake hana kitu." Nilimtazama binti. Sahani ya maharage na ndizi ilikuwa mbele yake, haijaguswa. Hata kula hakuweza mbele ya mama wa mumewe.

Kisha jirani alibisha hodi na bibi akatoka kumsalimia mlangoni. Hakufika hata hatua mbili nje. Palepale binti akamnyakua mtoto, akamwingiza chini ya kitenge, na nikasikia tena ile gubu, gubu. Bibi alipogeuka kurudi, binti alikwishamchomoa mtoto na kumlaza kitandani, amekaa na mikono mapajani kama mwanafunzi anayeogopa mkaguzi. Mtoto akapiga yowe la kuibiwa. Bibi akatikisa kichwa akachukua tena kikombe.

Nilipoaga, binti alinisindikiza kama desturi inavyotaka, mpaka kwenye kona ya njia ya maji. Huko nilimbana.

"Siwezi, Masera," alisema. "Iko pale siku zote. Nitatoaje titi mbele ya mama ya bwana yangu?"

Si wake wote wa Kigali waliokuwa hivyo. Wapo waliotoa titi mbele ya mama mkwe, baba paroko na fundi anayepiga ripu ukuta, wala hawakukatiza hadithi yao. Lakini huyu alilelewa na shangazi wa kale, aliyemfundisha kwamba mwili wa bibi harusi hauonekani kwa wakwe, wala mdomo wake unaotafuna, wala hata kandambili zake zikiwa zimepinduka. Kumfundisha vyote hivyo alifanikiwa. Mimi nilikuwa nimemfundisha kunyonyesha, nikadhani somo langu ndilo la kwanza kuingia kichwani mwake.

"Basi mwambie atoke kidogo," nilisema.

"Nitamwambiaje? Iko natulinda."

"Nitamwambia mimi."

Alinishika mkono, na hapo ndipo nilipoona kumbe ana nguvu. "Hapana, Masera. Atasema nimemfukuza. Bwana yangu akirudi atakuta nimemfukuza mama yake." Machozi yalimtoka. Nikamuahidi sitasema.

Kwa hiyo nikaanza ujanja, na ujanja sijawahi kuuweza. Jambo la kwanza, nilimwalika bibi darasani. Alikuja Jumatano amevaa mavazi yake ya misa, akakaa benchi la mbele katikati ya wasichana, na somo lote nikalielekeza kwake bila kumtaja. Nilieleza kwamba maziwa yanatoka mama akitulia. Nilieleza kwamba mama anayeanza anahitaji kuachwa na mtoto wake, peke yao, watu watoke. Bibi aliitika yego kwa sauti kuliko wote. Kisha akawageukia wenzake akawafafanulia. "Anasema kweli. Ndiyo maana mimi majirani wote nawafukuza," alisema. "Nabaki mimi tu." Wote wakakubali kwamba amefanya vema. Mimi nilijitia nasoma mizani.

Nilijaribu kumtuma. Nilimwambia zahanati yetu inahitaji mtu mzima wa kuchagua mtama mzuri sokoni, nikimsifu kwamba jicho lake haliwezi kudanganywa. Alishukuru, akamtuma jirani, na jirani akaleta mtama mzuri kweli. Nilimwambia jua la asubuhi ni dawa ya miguu yake. Akafungua dirisha, jua likamfuata mkekani.

Mwisho nikapata wazo la pazia. Nilichukua kitenge changu kipana, kizuri, nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na misumari na kamba kutoka karakana ya mume wangu. Nikamwambia bibi kwamba upepo wa mlangoni unampiga mtoto, afadhali tuzungushie kitanda. Alifurahi mno. Alinishikia misumari. Alinyoosha mikunjo kwa viganja vyake na kusema mwanawe angeona haya kwamba hakuliwaza jambo hilo yeye. Niliondoka nikijipongeza njia nzima. Nilimnunulia mume wangu hata mishikaki.

Kesho yake nilipopita, pazia lilikuwa limefungwa vizuri na chumba kitupu. Niliita. Bibi akajibu kutoka ndani ya pazia. Alikuwa amehamisha mkeka, akauingiza kwenye ule uwazi mdogo baina ya kitanda na ukuta, goti lake limegusana na goti la binti, na mtoto katikati akilia. "Karibu, Masera," alisema. "Huku ndani kweli hakuna upepo."

Watu wa Kigali, mtu akiropoka, humwambia ataishia Ndera, kwa sababu huko ndiko iliko hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku ile nilirudi kazini nikiwaza kwamba Jumapili gari la shemeji likija, kama lina nafasi, linibebe na mimi.

Jumamosi mchana nilikwenda tena. Kwenye kabati kulikuwa na kifurushi kilichofungwa: nguo za mtoto, shuka ndogo, medali ya Bikira Maria. Binti alikaa kitandani ameshika tama, macho yamevimba. Mtoto hakuwa akilia tena kwa nguvu. Alikuwa akitoa sauti nyembamba, anasimama, anatoa tena, na mimi sauti hiyo naijua inakoelekea. Bibi alikuwa mahali pake, mkekani. Alinieleza kwa upole mwingi mipango yote: kibuyu kipya, ng'ombe mwenyewe rangi yake, jirani yake mwenye uji wa kuongezea mtoto akifika miezi miwili. Alikuwa amefikiria kila kitu. Aliniuliza kama nina ushauri.

Ahadi yangu kwa binti ikanitoka kichwani kabisa. "Mukecuru," nilisema, maana hivyo ndivyo mtu mzima wa kike anavyoitwa kwa heshima, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyokuwemo katika nilichosema. "Mtoto huyu hana shida ya maziwa. Maziwa ya mama yake yanamwagika. Shida yake ni wewe. Unakaa hapo mchana na usiku, na huyu anakuonea haya, hawezi kutoa titi mbele yako, hawezi hata kula. Mtoto analala njaa kwa sababu wewe hutoki. Ukimpeleka Ndera atakufa, na maziwa yatabaki hapa Kimisagara."

Hata seremala wa jirani aliacha kupiga randa. Binti alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Bibi hakukasirika, laiti angekasirika. Alinitazama tu, mdomo wazi kidogo, kisha akatazama mikono yake. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Hakuna aliyenisindikiza. Mtu asiyekaa Rwanda hawezi kujua hilo lina uzito gani. Hata mgeni aliyekuja kukudai husindikizwa mpaka njia panda, mkazungumza ya mvua na ya ng'ombe, ndipo mkaachana. Nilipita kona ile ya njia ya maji peke yangu, watu wakinitazama, kila mmoja akijua kwamba nimetoka nyumba fulani na sina mtu nyuma yangu. Nilimwambia mume wangu nimeharibu kila kitu. Alisema pengine. Nilimchukia kwa hilo pengine lake mpaka tulipolala.

Jumapili sikusikia chochote cha misa. Ilikuwa ikinyesha manyunyu. Baada ya baraka nilishuka bondeni upesi, nikitazama magari, nikitafuta lile la shemeji. Nilikuwa nimeazimia kwamba nikilikuta bado nitajilaza mbele ya magurudumu kama kichaa, na kama limeshaondoka nitapanda teksi nilifuate, hata kama nitafukuzwa na mbwa wa Ndera wote.

Gari halikuwepo. Bibi ndiye niliyemkuta. Alikuwa amekaa nje, kwenye kigoda, katikati ya njia, mgongo wake ameupa mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Mvua ilikuwa imelowesha kile kitambaa cheupe na mabega. Karibu yake, chini ya upenu, vilipangwa vyungu na thermosi za uji ambazo majirani walikuwa wamemletea mama mzazi, na wawili kati yao walikuwa wakiondoka mikono mitupu, wamenuna kwa kuzuiwa kuingia.

Nilimsalimia. Aliitikia. Nikanyoosha mkono kwenye mlango.

"Hapana," alisema. "Hata wewe."

Nilirudisha mkono. Nilimuuliza gari liko wapi. Akasema lilikuja, akalirudisha Ndera na kibuyu chake. Nikamuuliza amekaa hapo tangu lini, akasema tangu jana, nilipotoka. Usiku aliingia, lakini alilala nyuma ya kabati uso ukutani. Nikamwambia atapata homa ya mapafu, aingie hata kwa seremala apewe pa kukaa. Akasema mama wa uzazi wa kwanza haachwi peke yake, na kukaa mlangoni si kumwacha. Alisogeza thermosi moja, akaonja uji, akanimiminia. Nilichuchumaa kando yake nikanywa, kwa kuwa sikujua la kufanya. Ndani kulikuwa na kimya kile cha mtoto anayemeza.

"Wangu wa kwanza alikuwa wa kike pia," alisema. Hakunitazama, alitazama maji yanayopita njiani. "Mama mkwe wangu alikaa nami ndani. Alikuwa mtu mwema sana. Hakuniacha hata kidogo."

Nilidhani anataka kunitetea mila zao, nikaanza kukusanya majibu. Akaendelea.

"Nilisema sina maziwa. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kusema naona haya. Wakampa ya ng'ombe. Wakaniombea. Wakaniletea majani ya kunywa, nikayanywa yote." Alionja tena uji, ingawa alikuwa ameshauonja. "Siku tulipomzika, nguo yangu ililowa hapa mbele pote. Nilikunja mikono hivi." Akakunja mikono kifuani kunionyesha, na akaiacha hapo. "Mama mkwe aliniuliza kuna nini. Nikamwambia nimejimwagia maji."

Nilikuwa nimewasemesha akina mama wa bonde lile kila Jumatano, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa hasira na kwa kubembeleza, na sikukosa maneno hata siku moja. Nilishika kikombe.

"Mama mkwe alikufa bila kujua," bibi alisema. "Hakuna aliyemwambia."

Mlango ukasukumwa kidogo kutoka ndani, upana wa vidole. Sauti ya binti ikatoka, ndogo, kwa Kinyarwanda: "Mama, amemaliza. Unaweza kuingia, unaloa."

Bibi hakugeuka. Aliinua mkono nyuma yake, akautafuta mlango kwa kiganja, akaufunga.

"Mpe na la pili," alisema.